Kihispania: imperfecto kwa mtu anayewaza kwa Kiswahili (esperaba, comía, vivía)

mwenda_pole

Wakuu habari zenu. Naona watu wengi wanaojifunza Kihispania wakifika kwenye wakati uliopita wanakwama, na mimi nilikwama hapohapo miezi kadhaa, sasa nimeona niandike nilichokielewa kwa kutumia kitenzi kimoja mwanzo mwisho ili tusirukeruke. Kitenzi chenyewe ni esperar, kusubiri. Nimekichagua kwa sababu ndo kiliniumbua.

Ilikuwa hivi. Nina rafiki wa kubadilishana naye lugha, yeye ni wa Colombia, tunatumiana meseji za sauti. Siku moja nikataka kumwambia kuwa jana yake nilisubiri masaa mawili na mtu niliyemsubiri hakutokea. Nikajirekodi kwa kujiamini kabisa: "Ayer esperaba dos horas." Nikatuma. Akajibu kwa sauti ya kuvuta: "¿Y...?" Mi nikadhani hajasikia, nikarudia ilevile ila kwa sauti kubwa zaidi (eti shida ni sauti). Akajibu "sí, sí, ¿y qué pasó?" Yani jamaa alikuwa anasubiri niendelee! Kwake mimi nilikuwa nimeanza stori nikaikata. Ni kama mtu akuambie "jana bwana nikawa nasubiri nasubiri pale..." afu anyamaze kimya. Utamkodolea macho tu, ee, ikawaje?

Nilitakiwa kusema "Ayer esperé dos horas." Imeisha, imefungwa, anakupa pole mnaendelea na mengine.

Sasa maumbo yenyewe ya imperfecto, ndo ile esperaba. Haya ndo rahisi kuliko kitu chochote kwenye Kihispania na sitaki tukae hapo sana. Unachukua esperar unakata -ar, unabaki na esper-, unabandika:

yo esperaba
tú esperabas
él, ella, usted esperaba
nosotros esperábamos
vosotros esperabais
ellos, ellas, ustedes esperaban

Vitenzi vya -er na -ir vyote vinakula sahani moja, unakata unabandika -ía: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vivir hivyohivyo: vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Hiyo ya vosotros inatumika Hispania, wenzetu wa Amerika ya Kusini na Meksiko wao ni ustedes tu, kwa hiyo ukiwa unajifunza kwa ajili ya huko jua tu kuitambua ukiisikia.

Na vitenzi korofi ni vitatu tu kwenye lugha nzima: ser, kuwa (era, eras, era, éramos, erais, eran), ir, kwenda (iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban) na ver, kuona, ambacho ukorofi wake ni kubakiza e tu, veía badala ya vía. Basi. Vile vyote vilivyokutesa kwenye wakati uliopo, tener, hacer, decir, dormir, jugar, huku ni vipole: tenía, hacía, decía, dormía, jugaba. Hamna cha duermo wala juego.

Kuchagua lini esperaba (imperfecto) na lini esperé (hiyo inaitwa indefinido, uliopita uliofungwa) ndo kazi. Karibuni.

Kitenzi Kikuu

Uzi mzuri mkuu ila naona unaifanya ngumu. Sheria ni moja, kitendo kirefu imperfecto, kitendo kifupi indefinido. Kusubiri kidogo esperé, kusubiri sana esperaba. Mimi natumia hiyo na naelewana na watu.

dada_nahau

Kitenzi Kikuu hapana kaka, hiyo sheria itakuzamisha. Angalia mfano wa mwanzisha uzi mwenyewe, masaa mawili ya kusubiri mtu asiyetokea ni marefu mno na bado ni esperé 😂

Ngoja nikupe mkubwa zaidi. Utawala wa Kiislamu kwenye rasi ya Iberia ulianza 711 na ngome ya mwisho, Granada, ikaanguka 1492. Piga hesabu, hiyo ni miaka 781. Kihispania wanasema "Los musulmanes gobernaron partes de la península durante casi ocho siglos". Gobernaron! Indefinido, kitu cha karne nane. Afu "eran las tres", ilikuwa saa tisa, kitu cha dakika moja, ni imperfecto.

Kwa hiyo urefu hauna kazi hapa. Swali ni kwamba unapotaja hicho kitendo, unakitazama kutokea wapi? Kama umesimama nje unakiona chote, kilipoanzia mpaka kilipoishia, hiyo indefinido. Kama uko ndani yake, pembe zake huzioni na wala hujali, hiyo imperfecto. Antonio de Nebrija alipoandika sarufi ya kwanza ya Kihispania, mwaka huohuo wa 1492, wakati huu aliuita "passado no acabado", yani uliopita usiokwisha. Miaka zaidi ya 500 na bado sijaona jina lililo zuri kushinda hilo.

(Na hiyo las tres kuwa saa tisa, msije mkatafsiri tarakimu kichwakichwa mkachelewa miadi ya watu. Mimi yalishanikuta, tuyaache.)

Nukta Mkato

Mimi nimesoma kwenye jedwali moja wameandika "copretérito", nikadhani ni wakati mwingine kabisa nikaanza kuukariri upya

dada_nahau

Ni huohuo. Hilo jina lilitoka kwa Andrés Bello kwenye sarufi yake ya 1847, na Meksiko shuleni wanalitumia mpaka leo. Maana ni kama "uliopita unaokwenda sambamba", yani kuna kitu kilikuwa kinaendelea pembeni ya kingine. Hujapoteza muda, umekariri kitu kimoja mara mbili.

mwenda_pole

Hahaha Nukta pole sana.

Dada_nahau hapo pa kusimama ndani na nje umenigusa ila mimi naona Kiswahili tayari kinatufanyia hiyo kazi bila sisi kujijua. Chukua stori yoyote: "Nilikuwa nimekaa, mvua ilikuwa inanyesha, simu ikaita, nikapokea, nikatoka mbio." Kihispania: "Estaba sentado, llovía, sonó el teléfono, contesté y salí corriendo."

Umeona? Kila palipo na -ka- kuna indefinido. Sonó ikaita, contesté nikapokea, salí nikatoka. Kila palipo na nilikuwa, ilikuwa, kuna imperfecto. -ka- ndo inayoisukuma stori mbele, nilikuwa ndo inatandika mkeka watu wakae. Mzungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni anajua asiseme "mvua ikanyesha" kama anataka kusema ilikuwa inanyesha tayari. Sasa kinachotushinda ni nini?

jicho_la_tatu

Kinachotushinda ni -li-.

Mkuu umechagua stori nzuri inayokubeba. Ila watu hatuongei kwa -ka- muda wote, tunaongea kwa -li-, na -li- inabeba pande zote mbili. "Nilipenda sana kusoma nikiwa mdogo." "Nilifika saa tisa." Kiambishi kilekile. Ya kwanza ni "de niño me gustaba mucho leer", ya pili ni "llegué a las tres". Mtu akishakariri kwamba -li- ni indefinido ataandika me gustó mucho leer, na Mhispania atamwelewa kwamba alisoma mara moja, akafurahia, ikaisha.

Mimi natumia jaribio moja la kienyeji. Toa -li- weka "nilikuwa na-", uone kama maana imebaki palepale. Nilipenda kusoma, nilikuwa napenda kusoma, zilezile, basi ni imperfecto. Nilifika saa tisa, nilikuwa nafika saa tisa, hapo maana imehama, ya pili ni kama mazoea ya kila siku, basi ile ya kwanza ni indefinido. Nilitaka, nilijua, nilidhani, nilikaa (kwa maana ya kuishi), niliamini, hizi nyingi zinaangukia imperfecto ukizijaribu: quería, sabía, pensaba, vivía, creía.

Kitenzi Kikuu

sawa nimeshindwa kwa leo ila hilo jaribio lako linafeli kwenye mfano wa mwanzo. "Nilisubiri masaa mawili", "nilikuwa nasubiri masaa mawili", mimi zote naziona zinasemeka

jicho_la_tatu

Hapo umenibana kihalali. Linafeli, ndiyo. Ukishaweka kipimo, masaa mawili, miaka kumi, mara tatu, umekipigia kitendo uzio pande zote, na Kihispania hakikubali kukaa ndani ya uzio halafu ujifanye huuoni. Esperé dos horas. Viví allí diez años. Llamé tres veces. Ukitaka lazima ile ladha ya kusubiiiri, wana njia yao, "estuve esperando dos horas". Estuve ni indefinido ya estar, kwa hiyo imefungwa vilevile ila msikilizaji anausikia uchovu.

mwenda_pole

Na hiyo estuve esperando ndo rafiki yangu aliniambia baadaye kuwa yeye angeitumia.

Ila ongeza kitu mkuu, kipimo kikiwa ndani ya mazoea imperfecto inarudi. "Todos los días esperaba dos horas", kila siku nilikuwa nasubiri masaa mawili. Masaa mawili ni ya kila siku moja moja, ila zile siku zenyewe hazina idadi, ziko wazi. Ukizihesabu nazo, "durante un mes esperé dos horas todos los días", unarudi kwenye esperé. Hii ilinichukua kama wiki nzima kuikubali, nilikuwa naona wananionea.

msomaji_kimya

Wakuu nilikuwa naomba kuuliza, hivi nilikuwa nakula ni "era comiendo" au "era como"? Maana nilikuwa ni maneno mawili na huku mnaandika neno moja

dada_nahau

Msomaji_kimya karibu, na umeshajipa somo bila kujua! Umesema "nilikuwa naomba kuuliza". Ulikuwa unaomba lini? Jana? Unaomba sasa hivi, ila umelisogeza nyuma kidogo lisikae kama amri. Kihispania wanafanya hivyohivyo na kwa imperfecto hiyohiyo: "Quería preguntar una cosa." Mhudumu anakuuliza "¿Qué deseaba?" wakati bado unadesea 😂 Yani huu ustaarabu tunaufanya sawasawa, ukishajua hivyo hutasahau.

Kwenye swali lako, nilikuwa nakula ni comía. Neno moja. Ile nilikuwa yetu imeshamezwa na -ía, usiitafutie tena kitenzi cha kuwa. "Era como" hapana, kwanza mtu atasikia "ilikuwa kama" atasubiri umfananishie na nini. "Era comiendo" hapana pia. Kuna "estaba comiendo", hiyo ipo na ni sahihi, ila ni kwa kitendo kilichokuwa katikati muda huohuo: estaba comiendo cuando llamaste, nilikuwa nakula ulipopiga. Kwa mazoea, nikiwa mdogo nilikuwa nakula sana, sema comía mucho. Ukiwa na wasiwasi tumia comía, inafaa pande zote.

msomaji_kimya

Asante dada. Kwa hiyo "yo comería cuando llamaste" sawa?

jicho_la_tatu

Comía, sio comería! Hiyo -er- iliyojipenyeza hapo imekupeleka nchi nyingine. Comería ni ningekula. Tofauti ni kwamba kwenye ninge- hawakati kitu, wanachukua comer nzima wanabandika -ía mwishoni, comer + ía. Kwenye imperfecto unakata kwanza, com + ía. Kwa esperar ni ngumu kuchanganya, esperaba na esperaría ziko mbalimbali. Ni -er na -ir ndo zinawateka watu, vivía na viviría.

Nukta Mkato

mimi shida yangu ni esperaba mimi na esperaba yeye zinafanana. Kiswahili ni- na a- ziko mbele kabisa unajua nani kafanya kabla hata ya kujua kafanya nini

mwenda_pole

Kweli hiyo inasumbua, ni moja ya sehemu chache ambapo yo inaacha kuwa pambo. "Esperaba y leía", nani alikuwa anasubiri na nani anasoma? Ndo unaweka "yo esperaba y ella leía". Kama stori nzima ni yako wewe huna haja, inajulikana. Ukibadilisha mtu katikati ya sentensi, taja.

Kitenzi Kikuu

Na matamshi? Mimi kuna mtu aliniambia b yangu ni nzito kama ngoma

dada_nahau

Ni kweli na ni yetu sote. B ya Kiswahili inapasuka, midomo inafunga kabisa. B ya esperaba iko katikati ya irabu mbili na pale Mhispania hafungi midomo, anaikaribisha tu, hewa inapita, inasikika kama kitu kati ya b na w. Na v wanaitamka hivyohivyo, kwa hiyo usije ukatafuta v ya kwetu kwenye vivía, haipo.

Ila mimi naona b nzito watu wanakuelewa. Kinachoharibu ni mkazo, na hapa nina jambo langu nalipenda sana. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, si ndiyo? Sasa pitia: es-pe-RA-ba, pili kutoka mwisho. Es-pe-RA-bas. Es-pe-RA-bais. Es-pe-RA-ban. Co-MI-a, co-MI-as, co-MI-an. Zote mkazo uko palepale ulimi wetu unapotaka wenyewe, hujifunzi chochote! Imebaki moja, nosotros. Ulimi wa Kiswahili ukiachiwa utasema es-pe-ra-BA-mos, na ni kosa. Ni es-pe-RÁ-ba-mos, ya tatu kutoka mwisho. Co-MÍ-a-mos hivyohivyo. Mkazo hauhami, umekwama kwenye á au í toka mwanzo mpaka mwisho, ni mkia tu umerefuka. Ndo maana esperábamos inaandikwa na kialama juu ya a na nyingine za -aba hazina, na -ía zote zina kialama kwa sababu bila hicho i na a zingemezana kuwa silabi moja.

Kwa hiyo mwenye muda mchache afanyie mazoezi nosotros tu. Cantábamos, hablábamos, esperábamos, íbamos, éramos. Sema kwa sauti mara ishirini uone ulimi unavyogoma.

Kitenzi Kikuu

nimejaribu. mara ya kumi na tano nikasema tena esperaBAmos. nimekasirika

Nukta Mkato

😂😂

jicho_la_tatu

Kuna mtego mwingine ambao Kiswahili kinatutega na sioni watu wakiusema. Maneno ya kuripotiwa. Sisi tunasema "alisema anasubiri", alisema iko nyuma lakini anasubiri tunaiacha kwenye wakati uliopo, hatuna shida kabisa. Kihispania ukishasema dijo kinachofuata mara nyingi kinarudi nyuma nacho: "dijo que esperaba". Alisema anakuja, "dijo que venía". Aliniambia anaishi karibu, "me dijo que vivía cerca". Ukisema "me dijo que vive cerca" sio kosa lakini una maana mpaka leo bado anaishi hapo.

mwenda_pole

Hiyo sikuwa nayo kabisa, naiiba.

Na kuna vile vitenzi vinavyobadilika sura ukivihamisha. Kwenye vitabu wanaviweka kama miujiza lakini ukiwa na -ka- huoni muujiza wowote. Sabía, nilikuwa najua. Supe, nikajua, yani ndo nikapata habari. Conocía a Ana, nilikuwa namfahamu Ana. Conocí a Ana, nikafahamiana naye, siku ya kwanza. Podía, nilikuwa naweza (kama nilifanya au sikufanya hatujui). Pude, nikaweza, na nilifanya kweli. No quería, sikutaka, moyoni tu. No quise, nikakataa. Tenía que llamar, nilitakiwa kupiga simu, labda sikupiga. Tuve que llamar, ikabidi nipige, nikapiga.

Hiyo ya mwisho inaokoa mahusiano. "Tenía que llamarte" ukiisema kwa mtu, anaisikia kama kisingizio kinachokuja.

dada_nahau

"Iba a llamarte" nayo, nilikuwa nataka kukupigia. Waongo wa lugha zote mbili wanaitegemea.

msomaji_kimya

Na miaka? Nilikuwa na miaka kumi nimeandika "era con diez años" mashine ya kutafsiri ikanipa kitu cha ajabu

jicho_la_tatu

Tenía diez años. Sisi "kuwa na" wao tener, kwa hiyo nilikuwa na yoyote ile, miaka, njaa, usingizi, haraka, woga, ni tenía. Tenía hambre, tenía sueño, tenía prisa, tenía miedo. Era mwachie sifa za kudumu, era alto, era tímido.

Na "palikuwa na" ni había. Hapa kuna raha moja. Palikuwa na mtu, palikuwa na watu, si unaona palikuwa haibadiliki? Había nayo haibadiliki: había una persona, había muchas personas. Habían muchas personas utaisikia, tena sana tu huko Amerika, lakini kwenye maandishi rasmi inahesabiwa kosa. Sisi tulitakiwa tuwe wa mwisho kuikosea maana mantiki tunayo tayari.

Nukta Mkato

wekeni zoezi basi tupimane, maneno yamekuwa mengi

mwenda_pole

Haya, nimetunga sasa hivi. Jazeni:

De niño yo (vivir) cerca del mar. Todas las tardes mi hermana y yo (caminar) por la playa. Un día (encontrar) una botella. Dentro (haber) tres papeles que no (decir) nada.

Kitenzi Kikuu

viví, caminamos, encontrábamos, habían, dijeron

dada_nahau

Kaka umekosa zote tano 😭 hata kwa kubahatisha hiyo ni kazi

mwenda_pole

Kitenzi Kikuu usikate tamaa, makosa yako yana akili ndani yake, tuyaangalie.

Viví: nikiwa mdogo nilikuwa naishi, stori bado haijaanza, unatandika mkeka. Vivía. Viví ingekuja kama ungesema diez años pale mbele.

Caminamos: hapa angalia, caminamos ni tunatembea NA tulitembea, kwa vitenzi vya -ar zinafanana kabisa kwenye nosotros. Ila todas las tardes, kila jioni, ni mazoea, kwa hiyo caminábamos na mkazo wake ule wa kukukasirisha.

Encontrábamos: un día, siku moja TUKAOKOTA chupa. Hiyo -ka- si inakupigia kelele? Encontramos. Ukisema encontrábamos nitasikia kama kila siku mlikuwa mnaokota chupa, pwani chafu hiyo.

Había jicho_la_tatu kashasema juu hapo, palikuwa na karatasi tatu. Había. Ila decir ni ya karatasi tatu kwa hiyo decían, zenyewe zina wingi. Dijeron ingefanya karatasi zifungue mdomo mara moja zikanyamaza.

jicho_la_tatu

Tahadhari ndogo kwa wanaokariri maneno ya ishara. Todas las tardes imekusaidia hapa, un día imekusaidia, ila sio ahadi. Siempre watu wanaifundisha kama bendera ya imperfecto, halafu unakutana na "siempre quise ser médico", siku zote nilitaka kuwa daktari, na mtu hajakosea, anaitazama maisha yake yote mpaka leo kama kitu kimoja.

Kitenzi Kikuu

Sawa. Naomba niandike yangu mwenyewe msiniwekee mabano, mabano yananichanganya.

"De niño yo esperaba a mi hermano en la puerta todos los días. Yo tenía siete años y él tenía doce. Esperabamos juntos a mi padre. Un día mi padre llegó y dijo que no había trabajo. Nadie lo esperaba."

Hiyo ya mwisho nilitaka kusema hakuna aliyelitegemea. Nimeona kwenye kamusi esperar ni kutegemea pia.

dada_nahau

Eh.

Kaka hii ni nzuri. Llegó, dijo, -ka- mbili peke yake katikati ya nilikuwa zote hizo, na dijo que no había umerudisha nyuma bila kuambiwa. Na nadie lo esperaba umelenga penyewe, ila inasomeka pia kwamba hakuna aliyekuwa anamsubiri baba, na kwa kuwa mlikuwa mnamsubiri mlangoni kila siku hiyo inaleta utata. Ukitaka iwe jambo na sio mtu, weka se: nadie se lo esperaba.

mwenda_pole

Mimi ningeiacha na utata wake.

jicho_la_tatu

Esperábamos. Kialama juu ya a.

Kitenzi Kikuu

najua bana. simu yangu haina